Uzi: Okonomiyaki ya kiporo cha ngisi, kamba na pweza. Adui ni maji, wala si moto

#1 PwezaMkavu

Habari za jioni wadau wa jiko. Niko Osaka mwaka wa tatu huu, na kila nikituma picha ya chakula hiki kwenye kundi la familia naulizwa kama ni chapati au ni kitumbua kilichokanyagwa. Leo nafungua uzi niwajibu wote kwa mkupuo.

Kinaitwa okonomiyaki. Okonomi ni "ukipendacho", yaki ni kitu kilichochomwa au kukaangwa, na hiki hukaangwa juu ya chuma bapa. Jina lenyewe linakupa ruhusa ya kutia chochote, ila kwa watu wa Osaka ruhusa hiyo ina mipaka: kabichi lazima, yai lazima, unga wa kushikishia tu. Kinachobaki ni chako, na hapo ndipo kiporo kinapopata kazi.

Jumamosi nilikuwa na wageni. Walipoondoka nilibaki na kamba kumi hivi wa kuchemsha, vipande vya ngisi, na mnyiri mmoja wa pweza. Pweza wa supamaketi huku huuzwa kashachemshwa, mwekundu kama kiatu cha sikukuu. Lebo ya wangu iliandikwa Mauritania. Nilicheka peke yangu mbele ya friji la watu: Mwafrika mwenzangu, tumekutana ugenini.

Sasa niwaambie nilivyoharibu mara ya kwanza, mwaka juzi. Nilifanya kama chapati za maji. Nikakoroga unga, nikamwaga kabichi, nikatupia kiporo chote, nikaacha bakuli likae huku napasha kikaango na kupokea simu ya mama. Simu ya mama mnaijua. Nilivyorudi, bakuli lilikuwa na kidimbwi. Nikamimina hivyo hivyo. Juu ikaungua, katikati ikabaki uji, na nilipogeuza nusu ilibaki kikaangoni, nusu ikaenda jikoni kwenye moto. Moshi ukamtoa mama jirani wa mlango wa pili.

Mama yule ni mzaliwa wa hapa hapa Osaka. Hakuuliza sana. Alichukua kamba mmoja aliyebaki kwenye sahani, akamkamua kwa vidole viwili, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akanitazama, akasema neno moja: "Mizu." Maji. Halafu akaingia jikoni kwangu kama kwake.

Nilichojifunza siku ile ndicho hiki. Vipimo ni vya okonomiyaki mbili, kila moja upana wa sahani ndogo na unene wa sentimita 2: unga wa ngano gramu 100, supu ya samaki mililita 100, mayai 2, kabichi gramu 300, kiporo gramu 150, chumvi kidogo, na nusu kijiko cha chai cha beking pauda.

Kabichi ikatwe kwa kisu, vipande vya nusu sentimita hivi, si nyuzi za kachumbari. Ukishaiosha itandaze juu ya kitambaa ikauke kabisa. Kiporo nacho kikaushwe kwa karatasi ya jikoni, ukibonyeza, kisha ukate kate. Kamba mmoja atoe vipande vitatu, pweza awe mdogo kama punje ya hindi. Pweza aliyeiva akipikwa tena kwa vipande vikubwa anarudi kuwa mpira.

Unga na supu vikoroge mapema, uweke frijini hata nusu saa. Ila kabichi, yai na kiporo vinakutana na unga dakika ya mwisho, kikaango kikiwa tayari cha moto, na unachanganya ya mtu mmoja mmoja. Ukienda kwenye vibanda vya hapa utaletewa bakuli lako peke yako, na sababu ni hiyo. Usikoroge kwa kuzungusha. Chota kutoka chini, inua, dondosha, mara kumi hivi, hewa iingie.

Mafuta kidogo, moto wa wastani, mimina, viringisha kingo kwa kijiko, dakika 4 au 5. Geuza. Dakika 5 nyingine. Geuza tena dakika 2. Na tafadhali mkono utulie: usiibonyeze. Mama jirani alinipiga kofi dogo la mkono nilipotaka kuibonyeza kama chapati. Ukiikandamiza unatoa hewa yote uliyohangaika kuiingiza.

Halafu sosi nyeusi tamu, mayonezi, unga wa mwani wa kijani, na juu kabisa maranda ya samaki. Nayaita maranda kwa sababu ndivyo yalivyo: samaki wa jamii ya jodari hukaushwa kwa moshi hadi awe mgumu kama ubao, kisha huparuzwa kwa kitu kama randa ya seremala. Ukiyamwaga juu ya chakula cha moto mvuke unayachezesha, yanajikunja na kujikunjua. Mpwa wangu alipoona video alilia, akidhani chakula kiko hai.

#2 KitoweoKibichi

Samaki na kabichi kwenye unga wa ngano. Dada, nyumbani tunakuombea.

#3 MwanaForodha

Mbona hii ni Zanzibar pizza! Pale Forodhani jioni jamaa wana kila kitu: unga, yai, kitunguu, mayonezi, chuma bapa cha moto. Wajapani wametuiga au sisi tumewaiga?

#4 PwezaMkavu

@MwanaForodha hakuna aliyemwiga mwenzake, ila nakubali wangekutana wangesalimiana. Tofauti iko kwenye unga. Ile ya Forodhani ni donge, linatandazwa jembamba, linafunika vitu kama bahasha. Hii ni uji mzito unaoshikanisha kabichi, na kabichi ni nyingi kuliko unga mara tatu. Ukiona unga umezidi kabichi, umeshapika kitu kingine.

@KitoweoKibichi endelea kuomba, mie naendelea kula.

#5 Mstaafu_wa_Ujoli

Uzi mzuri. Mimi nilisoma Hiroshima miaka miwili, na lazima niingilie kati, kwani mtu wa Hiroshima akisoma haya atasusa. Kwao havichanganywi. Wanatandaza uji mwembamba kama chapati ya maji, juu yake mlima wa kabichi, chipukizi za maharage, makombo ya unga wa kukaanga, nyama au samaki, kisha mlima wote unageuzwa kwa pamoja. Pembeni tambi zinakaangwa, mlima ule unawekwa juu yake, halafu yai linatandazwa na vyote vinalala juu ya yai. Siku ya kwanza nilipoona mlima ule ukigeuzwa nilishika kiti.

Na kuna historia ndani yake. Kabla ya vita watoto walikuwa wakinunua kichapati chembamba chenye kitunguu cha majani kwa sarafu ya sen moja, wakikiita issen yoshoku, yaani "chakula cha kizungu cha sen moja". Kisha likaja bomu la atomiki la tarehe 6 Agosti 1945. Mji ukaisha. Mchele hakuna, unga wa msaada kutoka Marekani upo. Watu wakapika juu ya vipande vya chuma, wakaongeza kabichi iwashibishe, tambi zikaja baadaye. Wengi wa waliofungua vibanda walikuwa wanawake, baadhi wajane wa vita, na mpaka leo utaona mji ule umejaa vibanda vyenye majina yanayoishia na "-chan", kama mtu anavyoitwa nyumbani kwao. Vibanda vya uwanja wa Shintenchi siku hizi vimepandishwa ndani ya jengo moja, Okonomimura, ghorofa juu ya ghorofa, kila kibanda na chuma chake.

Kwa wapenda vya baharini: Hiroshima ndiyo inayoongoza Japani kwa chaza. Majira ya baridi utapata okonomiyaki ya chaza, wananona, wamejaa. Ila chaza wa kiporo siwashauri, watawaachia ladha ya shaba mdomoni.

#6 PwezaMkavu

Shikamoo mzee. Ya Hiroshima nimeshindwa kuipika nyumbani. Nilijaribu mara moja, kabichi niliikuta nyuma ya friji wiki mbili baadaye.

#7 Mstaafu_wa_Ujoli

Marahaba mwanangu. Hata wao wengi huila kibandani, nyumbani wanapika ya kwenu.

#8 UmmuSalma_Muscat

Nina swali la halali. Nimeona ile ya kawaida inawekwa vipande vya nguruwe juu.

#9 PwezaMkavu

Ndiyo dada, nguruwe na yai ndiyo ya kawaida kabisa hapa, wanaiita butatama. Ila kuna ikatama, ya ngisi na yai, nayo ni ya zamani na inaheshimika vile vile. Kwa hiyo ukiweka ngisi hujabadilisha kitu, umechagua tu.

Kwenye mgahawa kumbuka chuma ni kimoja. Nyumbani angalia chupa ya sosi, nyingi zina rojo la nyama ndani, na ile mirin wanayotia kwenye supu ni kileo. Soma lebo, au tafuta yenye alama ya halali. Au tengeneza mwenyewe, naona Bi Kizingitini yuko mtandaoni, yeye ndiye fundi wa sosi.

#10 BiKizingitini

Nimeitwa nimekuja. Kwanza kwetu Mombasa hicho mnachokiita kiporo ni mwiku, na mwiku wa pweza haulali nyumbani kwangu, kuna vijana watatu hapa.

Sosi. Mwanangu wa kiume alinitumia chupa moja ya sosi ya Otafuku ya Hiroshima. Nikamwambia anisomee kilichoandikwa nyuma. Tende! Wallahi nilimwambia arudie. Wale watu wanatia tende kwenye sosi ya kabichi. Nikaonja tena, kweli, ule utamu mzito wa nyuma ya ulimi ni tende, si sukari.

Basi mie natengeneza hivi. Tende nne laini zisizo na kokwa, loweka katika maji ya moto vijiko vitatu, ponda mpaka ziwe rojo. Tia vijiko vitatu vya sosi ya nyanya, viwili vya sosi ya soya, na ukwaju. Ukwaju nautia badala ya ile sosi ya Worcestershire ambayo kila mapishi ya mtandaoni yanaitaja, kwa sababu hiyo nayo hutiwa ukwaju ndani. Kwa nini ninunue ukwaju wa Waingereza na mkwaju uko nyuma ya nyumba? Chemsha mpaka ing'ang'anie kijiko. Ikiwa kali ongeza tende, ikiwa tamu ongeza ukwaju.

#11 PwezaMkavu

Bi Kizingitini nimeinama. Miaka mitatu nakula sosi ile na sikuwahi kugeuza chupa.

#12 MkaguziPwani

Nafanya kazi ya ukaguzi wa samaki, kwa hiyo samahani kwa kuharibu hamu. Neno "kiporo" na neno "samaki" vikikaa sentensi moja mimi hukaa wima.

Vya baharini vilivyopikwa visikae nje zaidi ya saa 2. Frijini, nyuzi 4 au chini, tumia ndani ya siku 2. Ukipika tena hakikisha katikati pamefika nyuzi 74, na kwenye kitu kinene kama hiki chenye unga mbichi katikati ndiko huchelewa. Chomeka kijiti, kikitoka na uji rudisha kikaangoni, ufunike.

La pili ndilo wengi hawalijui. Jodari, vibua, nguru na jamii yao wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini. Samaki anaweza asinuke, na moto hauiondoi hata ukaange mpaka awe mkaa. Mtu anakula, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, anasema amerogwa au ana mzio. Kwa hiyo kamba, ngisi na pweza waliokaa frijini vizuri sawa. Jodari aliyelala mezani usiku kucha, mtupe, msitafute mapishi.

#13 PwezaMkavu

Asante sana, hilo la histamini nilikuwa silijui. Supamaketi za huku jioni hubandika stika ya nusu bei kwenye samaki wabichi wa kuliwa siku hiyo hiyo. Nikinunua nawakaanga usiku ule ule, nusu nakula, nusu ndiyo kiporo cha kesho.

#14 Juma_wa_Ghetto

Wakuu nimejaribu leo hapa Dar. Imekuwa uji. Nimefuata kila kitu. Kamba walikuwa wa friza, supu sina nimetumia maji, kabichi nimeiparura kwenye kikwaruzio kuokoa muda. Mchumba amekula mayonezi peke yake kwa kijiko akasema ahsante.

#15 PwezaMkavu

Juma pole, lakini hukufuata kila kitu 😂

Kikwaruzio kinaipasua kabichi na kutoa maji yake yote. Kisu, kaka. Kamba wa friza uliwayeyusha kwanza? Kama uliwatia na barafu yao, hapo umeongeza kikombe cha maji bila kujua. Walale frijini usiku, asubuhi wachuje, wakaushe. Na ukishatia chumvi kwenye kabichi usisubiri, chumvi inavuta maji.

Kuhusu supu, una dagaa wakavu? Wajapani wana supu yao ya dagaa wakavu, niboshi, nayo ni dashi (supu ya msingi ya mapishi yao) ya kweli kabisa. Toa vichwa na matumbo, vinginevyo itakuwa chungu (bibi zetu nao wanatoa, hakuna jipya). Loweka nusu saa, chemsha taratibu dakika 10, chuja, ipoe. Ila angalia chumvi ya dagaa wako kabla hujatia nyingine.

#16 Juma_wa_Ghetto

Niliwatia na barafu yao.

#17 KitoweoKibichi

😂😂😂 Mchumba mpe maua yake.

#18 MlendaNaDagaa

Mimi nina swali. Mapishi mengi yanasema ukune kiazi fulani cha Kijapani, nagaimo, utie kwenye unga. Naweza kutumia viazi vikuu?

#19 PwezaMkavu

Nagaimo ni jamii moja na viazi vikuu, ndefu kama mkono. Ukiikuna inateleza kama kamasi, na mikono inawasha, kwa hiyo paka siki kwanza. Kazi yake ni kushika hewa, okonomiyaki iwe laini ndani kama sponji. Lakini nagaimo wenyewe huliwa hata mbichi. Viazi vikuu vyetu si hivyo, lazima viive sawasawa, na aina nyingine mbichi zina sumu. Mimi nisingethubutu kuvikuna vibichi ndani ya kitu kinene. Beking pauda na yai la ziada vinatosha.

#20 MlendaNaDagaa

Na bamia? Jina langu mnaliona, lazima niulize.

#21 PwezaMkavu

Hahaha, hilo halijanijia kichwani lakini lina mantiki. Wajapani wana neno la vyakula vya mlenda, neba-neba, na bamia wameiweka kundi moja na nagaimo na yale maharage yao ya kuvunda. Bamia nne changa, zikate kate mpaka ziwe rojo, tia, tuambie. Mama jirani nitamuuliza kesho.

#22 PwezaMkavu

Nimemuuliza. Amekaa kimya, kisha akasema "okonomi", akacheka. Nimelichukua kuwa ndiyo.

#23 MlendaNaDagaa

Mrejesho. Bamia tano, kamba wa kiporo, pweza hakuna. Imeshika! Imegeuka yote kwa pamoja kwa kijiko cha kugeuzia chapati na sahani moja ya kusaidia. Ndani laini. Rangi ina ukijani ambao watoto wameuliza maswali, nikasema ni ya Kijapani, wakala. Maranda ya samaki sina. Nimechukua dagaa nikawakaanga makavu bila mafuta, nikawasagasaga kwa vidole juu. Hawachezi, ila harufu ipo.

#24 Juma_wa_Ghetto

Raundi ya pili. Kisu, kamba wamekauka, supu ya dagaa, sosi ya tende ya Bi Kizingitini. Ya kwanza nimeibonyeza kidogo, mkono una mazoea ya chapati. Ya pili sijaigusa, na tofauti ni kama godoro la jela na la hoteli. Mchumba amekula moja na nusu, wali pembeni.

#25 Mstaafu_wa_Ujoli

Wali pembeni! Osaka ndivyo wanavyokula, okonomiyaki kama kitoweo cha wali. Watu wa sehemu nyingine za Japani huwacheka kwa kula wanga kwa wanga. Mchumba ana damu ya Osaka.

#26 UmmuSalma_Muscat

Nimepika sita, mbili zimebaki. Naweka friji mpaka keshokutwa?

#27 MkaguziPwani

Dada, kile kilikuwa kiporo tayari. Sasa ni kiporo cha kiporo. Hapana.

#28 BiKizingitini

Nipe anwani nikutumie vijana watatu.